Donati za mochi kwa sikukuu: kwa nini za mchele wa Tabora zinakuwa ngumu?

#1 Binti Kitete (Tabora)

Wanajamvi, habari za jioni. Nina swali lililonikosesha usingizi wiki mbili, na ninaomba anayejua anijibu kabla ya Krismasi, kwa sababu nimekwisha kuwaahidi watoto wa dada zangu. Ninataka kupika donati za mochi, zile zenye vidonge vinane vilivyoshikana kwa duara kama shanga, ambazo ukizivuta zinanyooka kwanza ndipo zinakatika. Nililoweka mchele wetu wa Tabora usiku kucha, nikauanika kivulini, nikaupeleka mashineni, nikauchekecha mara mbili, kisha nikaukanda kwa maziwa, yai, sukari na siagi. Zilitoka kwenye karai na rangi nzuri ya dhahabu, lakini ndani zilikuwa kavu na zenye chengachenga, na baada ya saa mbili ukiigonga moja mezani inalia kama kokoto. Mchele ni mzuri, mafuta yalikuwa mapya, na mkono wangu umezoea vitumbua tangu nikiwa na miaka kumi. Kosa liko wapi?

#2 Mwanaujiji (Kigoma)

Kosa ni mchele wenyewe, dada yangu. Mochi ya Wajapani, yaani bonge la wali uliotwangwa mpaka ukanata, hutengenezwa kwa mchele wa aina ya pekee wanaouita mochigome, ambao ukipikwa punje zake hushikana mpaka unaweza kuliinua bonge zima kwa kijiti. Mchele wa Tabora tunauheshimu huku kwa sababu ukipika pilau kila punje inasimama peke yake. Sifa hiyo unayojivunia kwenye pilau ndiyo inayokuangusha kwenye donati.

#3 Mwalimu Sayansi (Tabora)

Naunga mkono na kuongeza sababu. Wanga wa nafaka una sehemu mbili kubwa, amilosi na amilopektini. Amilosi ni nyuzi ndefu zilizonyooka, ambazo chakula kikipoa hujipanga upya na kukaza; amilopektini ina matawi mengi, hushika maji na kubaki laini kwa muda mrefu zaidi. Mchele wa kawaida huwa na amilosi kati ya asilimia 10 na 30 hivi, kutegemea mbegu, lakini mchele wa kunata karibu hauna kabisa. Kwa hiyo kokoto ya Binti Kitete ni amilosi iliyojipanga baada ya kupoa. Nisahihishe pia jambo linalosemwa sana mitandaoni: mchele wa kunata hauna gluteni hata kidogo. Kunata kwake kunatokana na wanga, si protini kama ilivyo kwenye ngano.

#4 Jungu Kuu (Tabora mjini)

Nimesoma yote kwa heshima, lakini mnamwonea mchele. Tazameni kwanza jinsi mochi yenyewe inavyotengenezwa: mchele unalowekwa, unapikwa kwa mvuke, ndipo unatwangwa ungali moto ndani ya kinu kwa nyundo kubwa ya mbao, mmoja anatwanga na mwingine anageuza kwa mkono uliolowa maji. Maana yake wanga umekwisha kuiva kabla ya kushika umbo. Binti Kitete alichukua unga mbichi, akaukanda kwa maziwa ya baridi, akautumbukiza kwenye mafuta kwa dakika tatu. Ungewezaje kuvutika?

Mimi hufanya hivi, na kipimo ni cha donati nane. Chukua gramu 30 za unga na mililita 40 za maziwa, koroga kwenye sufuria ndogo juu ya moto mdogo mpaka upate kibonge kinachong'aa na kuachia sufuria. Kibonge hicho kikate vipande ukichanganye na gramu 200 za unga uliobaki, gramu 60 za ngano, gramu 60 za sukari, vijiko viwili vidogo vya beking pauda, yai moja, mililita 120 za maziwa na gramu 30 za siagi iliyoyeyushwa. Kanda mpaka donge liwe laini kama ndewe ya sikio. Hicho kibonge kilichopikwa kwanza ndicho kinachoshikilia kila kitu.

#5 Binti Kitete (Tabora)

Ahsante, Mama Jungu Kuu. Naomba kuuliza, wewe hutumia unga gani hasa katika kipimo hicho? Ule wa kunata au huu wetu?

#6 Jungu Kuu (Tabora mjini)

Wa kunata ninapoupata. Ndugu yangu huninunulia Dar es Salaam akanitumia. Usipopatikana, nachanganya nusu wa kwetu na nusu wanga wa muhogo.

#7 Mwanaujiji (Kigoma)

Basi mama yetu amekubali kwamba mchele una neno.

#8 Fundi Karai (Kasulu)

Nashukuru muhogo umetajwa, maana nilikuwa nangoja. Huku kwetu donati hizi zinawezekana bila kuagiza chochote kutoka mbali, mradi mtu asichanganye vitu viwili vyenye majina yanayofanana. Unga wa muhogo tunaosongea ugali ni makopa yaliyokaushwa na kusagwa pamoja na nyuzi zake, tena mara nyingi umechachuka. Ukiutia kwenye donati utapata kitu kizito chenye harufu ya ugali. Kinachotakiwa ni wanga peke yake.

Namna ninavyoutoa ni hii. Ninachukua muhogo mtamu uliochimbwa siku hiyohiyo, ninaumenya mpaka ngozi ya ndani iishe, ninaukuna kwa mbuzi ya nazi au kikunio cha karoti, kisha ninaukamua ndani ya kitambaa chepesi kwenye beseni la maji, ninaongeza maji na kukamua tena, mara tatu. Maji yale yanakuwa meupe kama maziwa. Ninayaacha yatulie saa nne au tano bila kuyagusa, halafu ninayamwaga polepole. Chini ya beseni unakuta tabaka jeupe gumu, ukilibonyeza kwa kidole linakataa, ukilibembeleza linatiririka. Ninamimina maji safi, ninavuruga, ninangoja tena, ninamwaga, ninaanika kwenye ungo uliotandikwa kitambaa. Kilo tano za muhogo hunipa wanga wa kutosha donati za familia nzima na jirani.

Muhogo mchungu msiuchezee kwa kazi hii. Una sumu inayotaka kulowekwa na kukaushwa kwa kanuni zake, na sikukuu si siku ya kujaribu.

#9 Mama Nzega (Nzega)

Fundi Karai ameeleza vizuri sana, lakini nadhani tusiitoe donati hii katika asili yake. Wajapani wamekuwa wakiila kila Mwaka Mpya tangu zama za kale, na wao hawatumii muhogo.

#10 Kaka Reli (Kigoma)

Mama, shikamoo. Naomba kusahihisha kwa adabu. Kilicho cha kale ni mochi, na ni kweli huliwa Mwaka Mpya: wanaweka mabonge mawili ya duara, dogo juu ya kubwa, kama sadaka nyumbani, na wengine wanaitia kwenye mchuzi. Donati ya duara lenye vidonge ni ya juzi. Iliuzwa kwa jina la Pon de Ring katika maduka ya Mister Donut nchini Japani kuanzia mwaka 2003, na hilo neno la kwanza limetoka kwenye pão de queijo, mkate mdogo wa jibini wa Brazili ambao unga wake ni wanga wa muhogo. Hapo Fundi Karai ana haki kuliko anavyojua. Kwa upande mwingine, wapishi wa Hawaii na California wamezoea kutumia unga wa mchele wa kunata, hasa ule wa chapa ya Mochiko, na mapishi mengi tunayoyakuta mitandaoni yamefuata njia hiyo. Kwa hiyo ziko donati mbili zinazotumia jina moja, na huenda hapa tunabishana kila mtu akiwa na yake kichwani.

Ninafurahi nikikumbuka kwamba muhogo wenyewe uliletwa Afrika na Wareno kutoka Brazili katika karne ya 16. Umepitia Kongo ukatufikia, na sasa unarudi kwetu kwa mlango wa Japani.

#11 Mama Nzega (Nzega)

Marahaba, mwanangu. Nimesahihishika.

#12 Chumvi ya Uvinza (Uvinza)

Nina pingamizi kwa Mwalimu Sayansi kuhusu #3. Kama amilosi ndiyo mkosaji, mbona muhogo unafaulu? Wanga wa muhogo una amilosi ya asilimia 17 hadi 20 hivi, sawa na michele mingi laini ya kawaida. Kwa hesabu yako donati za Fundi Karai zingekuwa kokoto pia, na mimi nimezila nyumbani kwa shemeji yangu Kasulu zikavutika mpaka watoto wakawa wanapimana nani atavuta ndefu zaidi.

#13 Mwalimu Sayansi (Tabora)

Pingamizi ni la haki na ninalikubali kwa sehemu. Maelezo yangu yanatosha kulinganisha mchele na mchele, hayatoshi kulinganisha mchele na muhogo. Ninachoweza kuongeza ni kwamba wanga wa Fundi Karai umeoshwa ukabaki wanga mtupu, wakati unga wa mchele wa Binti Kitete bado una protini, kiasi cha asilimia 7, pamoja na mafuta kidogo, na vyote viwili huzuia chembe za wanga zisivimbe vizuri. Chembe za muhogo pia ni kubwa kuliko za mchele na huvimba upesi. Lakini sitasema kwamba hilo limemaliza jambo.

#14 Jungu Kuu (Tabora mjini)

Mwalimu, mimi nitakuletea donati mbili za mchele uleule, moja yenye kibonge kilichopikwa na nyingine bila, uzile ukiwa umefumba macho. Kisha uniambie habari za protini.

#15 Mashine ya Kusaga (Igunga)

Hakuna aliyeuliza kuhusu usagaji, nami ndiyo kazi yangu. Mchele unaolimwa kwenye majaruba yetu ya mbuga ni mgumu wa punje, na mashine ya mahindi huutoa ukiwa na chembe kubwa, tena wa moto. Kwa macho na hata kwa chekeche la kawaida utaona ni unga, lakini usugue kati ya kidole gumba na cha shahada utasikia mchanga. Chembe hizo haziwezi kunywa maziwa kwa muda mfupi. Ninyi wapishi wa vitumbua mnalijua hili bila kuambiwa, kwa sababu mchele wa vitumbua mnausaga ukiwa umelowa, pamoja na tui, mpaka uwe kama krimu. Kwa nini kwenye donati mmeliacha? Binti Kitete angesaga mchele uliolowa, akaukamua kwenye kitambaa akapata unga mbichi wenye unyevu, angeona tofauti hata kwa mchele huuhuu. Hizo chengachenga alizozitaja zinanieleza mengi kuliko amilosi.

#16 Binti Kitete (Tabora)

Kaka, nimesugua unga uliobaki sasa hivi. Kweli kuna mchanga. Lakini je, mchanga ndio unaofanya donati igume baada ya saa mbili, au ni ile habari ya Mwalimu? Zilipotoka zilikuwa kavu, ila hazikuwa ngumu.

#17 Kaka Reli (Kigoma)

Kuna jambo lingine. Tabora iko juu, kama mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na sisi tulio ufukweni mwa Ziwa Tanganyika tuko kama mita 770. Huenda mafuta ya Tabora hayafikii joto linalotakiwa.

#18 Chumvi ya Uvinza (Uvinza)

Hapana, ndugu yangu. Mwinuko unabadilisha maji, si mafuta. Maji ya Tabora yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi badala ya 100, lakini mafuta ya kukaangia hayachemki karaini. Joto lake linategemea moto ulioweka chini. Unachoweza kudai ni kwamba maji yaliyo ndani ya donge yanageuka mvuke mapema kidogo, kwa hiyo donati inakauka upesi zaidi. Hata hilo, kati ya Tabora na Kigoma, ni tofauti ndogo.

#19 Mama Nzega (Nzega)

Tukiwa bado kwenye moto, mimi nasema tatizo la wengi ni kukimbilia karai. Donati ya mochi inaokwa pia, na ikiokwa inasamehe makosa mengi. Ongeza maziwa mpaka mchanganyiko umiminike kama wa mkate wa kumimina, paka siagi kwenye vikombe vya bati au kwenye kifaa cha donati kama unacho, kisha panga ndani ya sufuria kubwa yenye mchanga mkavu uliokwisha kupata moto, funika, palia makaa juu ya kifuniko. Makaa ya juu yawe mengi kuliko ya chini. Dakika 20 hadi 25 zinatosha; ukibonyeza inarudi polepole, na pembeni inakuwa na ukoko mwembamba unaolia chini ya jino huku katikati ikibaki ya kutafuna. Mwenye oveni aweke nyuzi 175. Sikukuu iliyopita nilioka 48 kwa mtindo huu, na mafuta niliyotumia ni yale ya kupaka tu.

#20 Fundi Karai (Kasulu)

Mama, hizo ni nzuri, nakubali, ila zinafanana na keki ya mchele. Vidonge vinane havipo.

#21 Mama Nzega (Nzega)

Vidonge havipo, lakini na aliyeungua hayupo.

#22 Muuguzi wa Zamu (Kigoma)

Hapo Mama Nzega amegusa jambo ambalo nalisema kwa uchungu. Mwaka juzi nilikaanga vidonge vya mchele wa kunata vya mviringo, vizima, vikubwa kama ndimu, kwenye mafuta yaliyokuwa yameanza kutoa moshi. Ukoko wa nje ulikaza upesi, mvuke ndani ukakosa njia, na kimoja kikapasuka na kurusha mafuta mpaka ukutani. Niliungua mkono wa kulia kuanzia kwenye kiwiko mpaka kwenye kifundo, nikakaa wiki tatu bila kukanda kitu. Ninawaomba sana: vidonge viwe vidogo, visizidi nusu ya ndimu, msiache hewa ndani mnapoviringisha, mafuta yawe ya wastani, nyuzi 170 hivi. Asiye na kipimajoto achovye mwiko wa mbao mkavu: mapovu madogo yakiupanda taratibu, joto linatosha, yakichachamaa, shusha moto kwanza. Watoto wakae mbali na jiko. Na ukiungua, maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20, si dawa ya meno wala asali.

#23 Binti Kitete (Tabora)

Pole sana, dada. Nimeyaandika yote, na watoto watapewa kazi ya kupaka rangi, mezani.

#24 Mwanaujiji (Kigoma)

Pole, dada Muuguzi. Kwa upande wa mafuta, kwetu tuna mawese, na donati iliyokaangwa humo hutoka na rangi ya machweo ya ziwani ambayo hakuna rangi ya chupa itakayoifikia.

#25 Jungu Kuu (Tabora mjini)

Mwanangu, mawese ninayapenda kwenye maharage na kwenye samaki wa mgebuka. Kwenye donati yanakula ladha ya maziwa na iliki, na mgeni atauliza mboga iko wapi. Tia kijiko kimoja ndani ya donge kwa ajili ya rangi, kisha ukaangie alizeti.

#26 Mwanaujiji (Kigoma)

Kijiko kimoja nakikubali. Nanyi kubalini kwamba asali yenu haifai kupakwa juu.

#27 Nyuki wa Miombo (Sikonge)

Siwezi kuliacha hilo lipite. Asali ya miombo inafaa sana, ila haikauki kama sukari ya unga, kwa sababu asali huvuta unyevu wa hewani, na Desemba huku ni msimu wa mvua tayari. Anayetaka donati inayong'aa bila kunata vidoleni achukue gramu 150 za sukari ya unga, kijiko kikubwa kimoja cha asali na maziwa ya moto vijiko viwili, akoroge, achovye upande mmoja tu donati ikiwa vuguvugu, aache dakika kumi. Kwa wekundu wa Krismasi, chemsha maua ya rozela kwa maji machache mpaka yabaki vijiko viwili, utumie badala ya maziwa. Uchachu wake unaipendeza sukari. Juu nyunyiza karanga zilizokaangwa na kupondwapondwa kabla tabaka halijashika. Uvutaji huo wa unyevu una faida pia: nikitia asali ndani ya donge mahali pa theluthi moja ya sukari, donati zangu hubaki laini mpaka asubuhi. Labda Binti Kitete anahitaji hilo tu.

#28 Mwalimu Sayansi (Tabora)

Inawezekana. Ninaongeza kwamba msizihifadhi kwenye friji. Wanga uliopikwa hukaza upesi zaidi kwenye baridi ya friji kuliko kwenye joto la chumba. Zitakazobaki zifunikwe, na kesho yake zipashwe kwa mvuke dakika tatu. Ugumu mwingi utarudi nyuma.

#29 Chumvi ya Uvinza (Uvinza)

Kwa hiyo tuna mchele, kibonge, usagaji, moto, na sasa asali. Binti Kitete aseme mwenyewe atafuata lipi.

#30 Binti Kitete (Tabora)

Ahsanteni nyote. Nimeamua kupika Jumamosi makundi manne kwa kipimo kimoja cha Mama Jungu Kuu. La kwanza ni mchele wetu uliosagwa mkavu, lakini safari hii na kibonge kilichopikwa. La pili ni mchele huohuo niliousaga ukiwa umelowa, bila kibonge. La tatu ni nusu mchele na nusu wanga wa muhogo. La nne lingekuwa la mchele wa kunata, nao sina. Muhogo niliukuna leo mchana kama alivyoelekeza Fundi Karai. Maji yametulia tangu saa kumi, nimeyamwaga sasa hivi, na tabaka lipo chini ya beseni, jeupe, limekataa kidole changu kabisa na kukubali nilipolisukuma taratibu. Nimewaita watoto wakaligusa wote, mmoja baada ya mwingine.

Kama kuna mtu wa Tabora mjini mwenye unga wa kunata hata robo kilo, nitaufuata mwenyewe kabla ya Ijumaa, na nitamrudishia donati.

#31 Jungu Kuu (Tabora mjini)

Ninao gramu 300. Njoo kesho baada ya saa tisa, uje na chombo chenye kifuniko, maana mvua haitabiriki.